Barua ya Mzee wa Kitanda cha Tatu

Akina mama wenzetu, bila shaka mnamfahamu mtoto anayekaa mbele ya daftari tupu. Nyumbani kwetu alikuwa akikaa pale mezani kila Jumapili jioni, mwaka 2022, wakati mwanetu wa kati alipokuwa Darasa la Sita. Siku moja mwalimu wake alimpa insha yenye kichwa "Siku Nitakayoikumbuka". Baada ya saa nzima tulikuta mistari mitatu: siku hiyo ilikuwa Krismasi, walikula wali na kuku, alifurahi sana. Tulipomwambia aendelee alijibu kwa upole, "Mama, yameisha."

Maneno yameisha! Na huyu ndiye mtoto aliyekuwa akimsimulia mdogo wake, nusu saa kabla ya hapo, jinsi mbuzi wa jirani alivyoingia darasani wakati wa hesabu: nani alipanda juu ya dawati, nani alimshika mbuzi pembe, mwalimu alisema nini, na mbuzi alikula daftari la nani. Masimulizi yale yangejaza kurasa nne. Mdomo ulikuwa na maneno, kalamu haikuwa nayo, nasi hatukujua yanapotelea wapi njiani.

Tulifanya makosa wanayofanya wazazi wengi. Kwanza tulimgombeza. Kisha, kwa kuwa usiku ulikuwa umeingia na sisi tulitakiwa kazini alfajiri, tukamtungia wenyewe naye akanakili. Insha ile ilirudi na alama 18 kati ya 20 na maneno "vizuri sana" kwa wino mwekundu. Alituletea kwa mikono miwili, akaiweka mezani, akaondoka bila kusema neno. Alama zilikuwa zetu, naye alijua hivyo.

Mgonjwa wa kuigiza

Sisi tuliosomea uuguzi tulifundishwa mambo mengi kwa kuigiza. Chuoni, kabla ya kuruhusiwa kumgusa mgonjwa wa kweli, tuligeuzana wenyewe kwa wenyewe. Mwanafunzi mmoja alilala kitandani akawa mgonjwa aliyepooza, wawili wakabadilisha shuka huku amelala, na mkufunzi akasimama pembeni na daftari lake. Zamu yetu ya kulala ilipofika, tuliona ni nafasi nzuri ya kupumzika. Wenzetu walitugeuza ubavu mmoja, wakatugeuza wa pili, wakizungumza juu ya maharage ya chakula cha mchana. Hakuna aliyesema "sasa tunakugeuza." Tulijisikia kama gunia la mahindi. Tangu siku hiyo, na sasa ni miaka zaidi ya ishirini, hatujamgeuza mgonjwa bila kumwambia kwanza. Mkufunzi alikuwa ametuhubiria jambo hilo muhula mzima bila kutuingia.

Baadaye tulisoma kwamba njia hii ina historia yake. Mwaka 1963, katika mji wa Los Angeles, Marekani, daktari wa magonjwa ya mishipa ya fahamu aitwaye Howard Barrows alianza kuwafundisha watu wenye afya njema kuigiza wagonjwa, ili wanafunzi wa udaktari wapimwe kwao. Leo njia hiyo inatumika katika vyuo vingi duniani. Lakini wakati ule hatukuwaza hata kidogo kwamba ingeweza kumsaidia mtoto kuandika.

Aliyetufumbua macho ni kijana wetu mkubwa, aliporudi likizo kutoka chuo kikuu. Yeye na wenzake walikuwa wanacheza mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, uliotungwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, na kutolewa mwaka 1974. Mchezaji mmoja husimulia. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, aliyeandikwa kwenye karatasi: nguvu zake, ujanja wake, vitu alivyo navyo. Msimulizi husema, "Mmefika mbele ya pango, mnasikia sauti ndani. Mnafanyaje?" Jambo likiwa la bahati, dadu huamua. Hakuna maneno ya kukariri, na hakuna ajuaye mwisho. Siku moja alicheza na wadogo zake sebuleni, na sisi tulikuwa jikoni tukichambua mchicha. Tukamsikia yule mtoto wa mistari mitatu akiuliza, "Kaka, naruhusiwa kumwandikia mfalme barua?"

Tuliacha mchicha.

Kijiji cha Tupendane

Hapa usharikani kwetu Morogoro tuna darasa la Jumamosi ukumbini, ambalo sisi tunalisaidia pamoja na mwalimu mmoja mstaafu, mama tunayemheshimu sana. Wakati ule lilikuwa na watoto 19. Tulipomweleza Mwalimu habari ya mchezo alitusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama nesi, hilo ni igizo dhima. Tumelifundishwa vyuoni. Tatizo ni kwamba tunalifanya dakika kumi, halafu tunasema haya, fungueni madaftari."

Ndipo alipotusimulia habari za Dorothy Heathcote, mama wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1926 huko Yorkshire, akafanya kazi katika kiwanda cha sufu tangu akiwa na miaka 14, na baadaye akawa mkufunzi wa walimu katika Chuo Kikuu cha Newcastle. Alifariki mwaka 2011. Mama huyu aliingia ndani ya igizo pamoja na watoto, mara nyingi akiwa mtu mwenye shida anayehitaji msaada wao. Njia yake moja aliita joho la mtaalamu: watoto huvikwa kazi ya watu wanaojua jambo, kama watunzaji wa makumbusho au wahandisi, na mtu fulani huwaletea kazi. Kusoma na kuandika hapo huwa sehemu ya kazi yenyewe. Mwalimu alipenda sana hilo. Sisi tulipenda kwamba mama huyo alitoka kiwandani.

Pango na zimwi hatukuvihitaji. Tuliwaambia watoto watunge kijiji, wakakiita Tupendane, wakakiweka mlimani Uluguru mahali ambapo gari halifiki wakati wa masika. Kijiji kilikuwa na zahanati, duka, shule, mto mmoja, na ugonjwa wa kuharisha ulioanza siku ya soko. Hilo la ugonjwa lilitoka kwetu, maana mwaka 2015, kipindupindu kilipoenea nchini, tulikuwa miongoni mwa waliohudumia wagonjwa kambini, na tunayajua mambo hayo kwa harufu yake.

Kila mtoto aliandika kadi ya mhusika wake: jina, umri, kazi, mambo mawili anayoyaweza, moja asiloliweza, na kitu anachokiogopa. Mwalimu alikuwa msimulizi. Sisi tulikuwa Nesi Mkuu wa zahanati, kazi ambayo haikutusumbua kuigiza.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Watoto kumi na mmoja walitaka kuwa daktari. Kijiji kidogo kile kikawa na madaktari kuliko wagonjwa. Walipiga kelele, wawili wakasukumana, na jioni tulipokusanya karatasi hapakuwa na kilichoandikwa ila kadi zenyewe. Tulirudi nyumbani tukiwa tumechoka kuliko baada ya zamu ya usiku. Jumamosi iliyofuata Mwalimu aliwagawa katika meza tatu, watu sita au saba kila meza, na akaweka sheria moja tu mpya: ukitaka jambo kwa mtu asiyekuwepo mezani kwako, lazima uandike. Maneno ya mdomo hayavuki meza. Naye anayepokea atafanya lile lililoandikwa, hata kama siyo ulilokusudia.

Sheria ile ilibadilisha kila kitu. Zahanati ilikuwa meza ya kwanza, duka na shule meza ya pili, ofisi ya kijiji meza ya tatu. Ndani ya nusu saa karatasi zilikuwa zinapita ukumbini kama barua posta: mwenye duka anamdai mtendaji, mwalimu anaomba chokaa ya choo, dereva wa pikipiki anaandika stakabadhi. Binti mmoja ambaye hatukuwa tumewahi kuisikia sauti yake alichagua kuwa karani wa kijiji. Aliandika muhtasari wa mkutano kurasa mbili, pamoja na majina ya waliosinzia.

Makosa yakaanza kujionyesha yenyewe. Karani mwingine alibandika tangazo: "Kesho saa 4 watu wote mfike ofisini kwa ajili ya kula." Alikusudia kura, ya kumchagua mwenyekiti mpya. Basi meza mbili zilifika zikiwa zimeshika sahani za kufikirika na kudai wali wao, na mwenyekiti wa zamani, kijana mjanja, akatangaza kwamba kwa kuwa hakuna kura iliyopigwa yeye anaendelea. Karani alitaka kulia. Mwalimu hakusema kitu. Tangu siku hiyo mtoto yule aliisoma kila karatasi yake kwa sauti ya chini kabla ya kuitoa, akiisikiliza r yake na l yake, jambo ambalo imla za miaka mitano hazikuweza kumfundisha.

Mwalimu hakuwa anasahihisha kwa wino mwekundu wakati mchezo unaendelea. Alisema barua yenye mistari ya wino mwekundu haijibiwi tena. Aliyakusanya makosa kwenye daftari lake, na robo saa ya mwisho aliyaandika ubaoni bila majina, kila mtu akayarekebisha. Nukta na herufi kubwa haziji zenyewe kwa kucheza, akina mama, tusidanganyane. Zilihitaji ile robo saa, kila Jumamosi.

Baada ya mwezi wa pili tulipata mtihani wa aina nyingine. Mama mmoja wa kwaya alitungojea baada ya ibada. "Dada," alisema, "nasikia mnawafundisha watoto wetu kamari na uongo." Alikuwa amesikia pia kwamba mchezo huo ulitoka Marekani na kwamba ni wa mashetani. Hakuwa ameyatunga hayo. Ni kweli kwamba miaka ya 1980 Wakristo wengi kule Marekani waliupiga vita mchezo wa Dungeons & Dragons kwa sababu ya mazimwi na uchawi uliomo katika hadithi zake. Tulimweleza kwamba Tupendane haina mganga wa kienyeji wala zimwi, ina choo kimoja kibovu tu, na kwamba hakuna anayeweka hata shilingi. Kuhusu dadu, tuliona si vema kitu kidogo kama kile kiwe kikwazo kwa mzazi. Tuliziondoa dadu tulizoazima kwenye ludo, tukaandika namba 1 mpaka 6 kwenye vikaratasi na kuvitia kikombeni. Watoto walikipenda kikombe kuliko dadu, maana ukichota unaweza kukitikisa muda mrefu na kuwatia wenzako wasiwasi.

Juu ya uongo ni Mwalimu aliyejibu. Alimwuliza kama nabii Nathani alidanganya alipomwendea mfalme Daudi na habari za maskini mwenye mwana-kondoo mmoja. Mama yule alinyamaza kidogo, akasema atakuja kujionea mwenyewe.

Alikuja. Meza ya kwanza ilimpokea kwa furaha, ikampa kadi: wewe ni mama unayeishi ng'ambo ya mto, mtoto wako anaharisha, daraja limechukuliwa na maji, zahanati itakutumia maelekezo kwa maandishi. Aliketi peke yake mwisho wa ukumbi. Wavulana wawili waliandika haraka haraka, karatasi ikapelekwa. Mama akaisoma kwa sauti: "Chukua maji lita moja. Weka chumvi vijiko 6 na sukari nusu kijiko. Mpe mtoto anywe." Akainua macho, akasema, "Nimefanya kama mlivyoandika."

Ukumbi ulikuwa kimya. Sisi, tukiwa Nesi Mkuu, tulilazimika kuwaeleza kwamba kiasi hicho cha chumvi kinaweza kumwua mtoto aliyekwisha kupungukiwa maji. Wavulana wale walijua vipimo. Tulikuwa tumewafundisha Jumamosi iliyotangulia, na mmoja wao alikuwa ameviimba. Walikuwa wamevigeuza kwenye karatasi tu. Mmoja alisema, "Lakini mama huyo angejua." Mama wa kwaya akamjibu, "Mwanangu, mimi niko ng'ambo ya mto. Nina karatasi yako tu."

Waliandika upya mara tatu. Ya mwisho ilisema hivi: "Chemsha maji lita 1, yaache yapoe. Tumia kijiko kidogo cha chai, siyo cha kulia chakula. Weka sukari vijiko 6 bila kilima, kata kwa kisu. Weka chumvi nusu ya kijiko hicho hicho. Koroga. Onja wewe kwanza. Yakiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze tena." Tumewahi kuona maelekezo mabaya zaidi ya hayo yakiwa yamechapwa. Na kwa kuwa tumeyataja: pakiti ya ORS ya zahanati au duka la dawa ni salama kuliko ya kuchanganya mwenyewe, iwepo nyumbani siku zote.

Mama wa kwaya sasa huja mara mbili kwa mwezi. Dadu bado hazipendi.

Barua

Na mwanetu? Alikuwa amechagua kuwa mgonjwa. Kadi yake ilisema: Mzee Subira, miaka 71, kitanda cha tatu, miguu inauma, anaweza kusubiri na anaweza kukumbuka mambo ya zamani, hawezi kutembea, anaogopa usiku. Tuliona ni uvivu wake tu, amechagua kazi ya kulala. Kwa majuma kadhaa alikaa akitazama. Kisha, Jumamosi moja mwezi Machi 2023, karatasi ilifika kwa Nesi Mkuu. Mwenyewe ameturuhusu kuinakili hapa, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe na tusiongeze nukta hata moja.

"Kwa Nesi Mkuu, Zahanati ya Tupendane. Mimi ni mzee wa kitanda cha tatu. Dawa unanipa kwa wakati na chakula ni kizuri. Malalamiko yangu ni kwamba ukija unauliza unaendeleaje na kabla sijajibu umeshafika kitanda cha nne. Juzi nilikuwa na jambo la kukuambia. Nikasema nitamwambia akirudi. Ukarudi umechoka ukalala. Sasa nimeandika ili usome hata kama sipo. Mzee Subira."

Tuliisoma tukiwa tumesimama, kisha tukatafuta kiti. Katika miezi yote ile Nesi Mkuu wa Tupendane hakuwa amelala hata siku moja. Hakuna kitanda cha nesi katika zahanati ile. Anayerudi amechoka na kulala ni mwingine, na tulijua chumba chake kiko wapi.

Jambo la kwanza lililotujia ni kumwita pembeni na kumwuliza, "Mwanangu, una nini?" Tulikuwa tumeshainuka. Mwalimu, ambaye macho yake huona mwisho wa ukumbi, alikuja akasoma, akatushika mkono. "Usimvue joho lake," alisema. "Ameandika kwa nesi. Nesi ajibu." Kisha akatukumbusha jambo tulilolijua: kwamba mwaka 1996 wahadhiri wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mradi wa Tuseme, ambamo wasichana wa sekondari walitumia maigizo kusema yanayowasibu shuleni, mambo ambayo wengine wasingeweza kuyasema wakiitwa ofisini. Mwalimu aliwahi kuyaona maigizo hayo shuleni kwake. Alisema msichana akiwa na kanga ya mama wa kuigiza kichwani husema, na ukimvua kanga hunyamaza.

Basi tulijibu. Tumeandika ripoti nyingi katika maisha yetu, lakini karatasi ile ndogo ilitutoa jasho. "Mzee Subira, barua yako nimeipata. Ni kweli napita haraka. Samahani. Jambo lenyewe ni lipi? Nimekaa kwenye kigoda, sitaondoka mpaka nisome jibu lako. Nesi."

Hatukuondoka. Meza ya tatu ilituletea malalamiko kuhusu mbuzi, tukayaweka chini. Jibu lilichukua dakika ishirini, na lilijaza upande mmoja na nusu wa karatasi, kutoka kwa mtoto ambaye maneno yake huisha baada ya mistari mitatu. Mengi yalihusu miguu na vita vya zamani. Katikati yake palikuwa na haya:

"Jambo si kubwa. Usiku ukitoka tunasikia geti linafungwa. Wengine wanalala. Mimi silali nahesabu pikipiki. Nikifika nyingi najua umeshafika kazini. Lakini bado silali mpaka asubuhi nikisikia geti tena. Hapo ndiyo nalala, halafu naamshwa niende shule."

Mzee wa miaka 71, anaamshwa aende shule.

Akina mama, sisi ndio tuliokuwa tukiitwa na mwalimu wake wa darasa kuambiwa kwamba mtoto anasinzia. Sisi ndio tuliomwita mvivu. Wauguzi tunaojua kumwuliza mgonjwa wa watu wengine amelalaje, tukaliandika jibu lake kwenye chati saa kumi na mbili asubuhi, hatukuwa tumemwuliza wetu. Baba watoto husafiri kikazi, bibi alilala chumba cha mwisho, nasi tulidhani kwamba geti likifungwa watu wako salama ndani.

Hatukumwambia kwamba tumegundua. Pengine alijua. Jioni ile tulimwomba bibi ahamie chumba cha watoto, akakubali kwa sharti la godoro lake mwenyewe. Zamu za usiku hazikupungua, maana wauguzi ni wachache na wagonjwa hawapungui kwa sababu ya mtoto wa mtu. Lakini tulinunua daftari la kaunta, tukaliweka mezani pale pale palipokuwa na lile daftari tupu, tukaandika juu yake "Makabidhiano ya Zamu". Kazini kwetu nesi haondoki bila kumwandikia anayepokea: nani amelala, nani ana homa, nini kiangaliwe. Tulimweleza kwamba na nyumbani itakuwa hivyo. Tukitoka tunaandika sisi, tukirudi tunasoma yake.

Insha zake za shule hazikuwa nzuri ghafla. Muhula ule alipata 11, na kwa mara ya kwanza zilikuwa 11 zake. Bado anasahau herufi kubwa. Ripoti yake ya kwanza tunayo mpaka leo:

"Zamu ya usiku. Mgonjwa mmoja Mzee Subira. Amekula ugali na mchicha. Miguu nafuu. Mlango wa uani haufungi vizuri mwambie baba. Bibi anakoroma lakini anafaa. Pikipiki zilipita nne, ya tano sikuisikia."